Langilangi la Izigo

Tangu nirudi Tanga sijapumua. Nikitoka kununua uzi nashikwa mkono: Zena, Bukoba kulikuwaje? Nikikaa kufunga maua anakuja mwingine: Zena, yalifika mazima? Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikifika katikati anaingia mtu mpya anayetaka nianze upya. Basi nimeandika. Someni wote kwa pamoja, mcheke mnavyotaka, kisha mniache na kazi yangu.

Kwa wasiojua kisa kilipoanzia, ni kwa shangazi yangu Mwanaidi. Aliolewa Bukoba mimi sijazaliwa. Alikwenda kwa treni na meli, na safari nzima alipakata mche wa mlangilangi ndani ya kopo la maziwa. Nyinyi mnaujua mlangilangi. Wanasema asili yake ni misitu ya visiwa vya mbali huko mashariki, na ulivuka bahari nzima kabla ya kuwa mti wa nyumbani kwetu, maua yake marefu ya manjano yakawa hayakosekani kwenye kikuba, kile kifungo cha maua anachobandikwa bibi harusi kifuani. Bibi yangu, mama yake Shangazi, alikuwa na mdomo mkali na hakuitaka ndoa ile ya mbali. Siku ya kuagana alimwambia mbele za watu: "Huo mche hautashika huko kwenye baridi. Na wewe hutashika."

Shangazi alishika. Alizaa, akafanya biashara na mumewe, akazeekea hukohuko. Mche, kwa alivyojua yeye, ndio haukushika. Aliupanda Izigo, huko Muleba, walikokuwa wakikaa mwanzoni. Walipohamia mjini mche ulikuwa bado unamfika kiunoni na haujatoa hata ua moja. Baadaye akasikia shamba lote limefyekwa na kupandwa kahawa mpya. Hakurudi kuangalia. Kila alipopiga simu nyumbani, mazungumzo yakinoga, lazima angeuliza kama milangilangi ya Tanga imechanua, na mimi nilijua anachowaza.

Sasa mjukuu wake, Sabra, alikuwa anaolewa Ijumaa. Shangazi akanipigia. Macho yake hayaoni tena, anapambanua mwanga na giza tu. "Mwanangu," akasema, "Sabra akipambwa mimi sitamwona. Nataka nimnuse. Njoo ufunge kikuba, na uje na langilangi la nyumbani, anukie kama nilivyonukia mimi siku yangu." Mngekuwa nyinyi mngesemaje? Nilisema nakuja, na nilikuwa nimeshaanza kurukaruka jikoni.

Tanga hadi Dodoma

Nilichuma alfajiri, maua yaliyoiva sawasawa, yale yenye doa jekundu kwenye kitako. Nikayapanga kwenye deli, lile kasha la wauza samaki, tabaka la maua, tabaka la kitambaa kibichi, barafu chini na pembeni. Kondakta kuliona tu akanizuia mlangoni. "Mama, samaki hawapandi."

"Si samaki. Nusa."

"Wote mnasema si samaki."

Nikafungua mfuniko kidogo. Alinusa, akanusa tena. Kisha akalibeba deli mwenyewe na kulipeleka siti ya mbele, akanihamishia na mimi hukohuko. Mpaka Segera basi zima lilikuwa linanukia harusi. Mzee mmoja nyuma alilalamika kuwa anapiga chafya, mama mwenye mtoto akamjibu kwamba ya kwapa lake hatujayasema. Nilicheka mpaka nikajifunika mtandio. Tangu nizaliwe sikuwahi kwenda mbali zaidi ya Morogoro, na kila kilima kilichopita dirishani nilikiona kama kimewekwa pale kwa ajili yangu.

Dodoma hadi Kahama

Siku ya pili kazi ilikuwa barafu. Kila basi liliposimama wenzangu walikimbilia choo na chakula, mimi nilikimbilia wauza soda. Singida barafu ilikuwa adimu. Nilisimama kwenye jua nikibembeleza duka kwa duka, na nilipoipata basi lilikuwa limeshaanza kutembea. Abiria wakapiga mabodi kwa viganja, "Mama wa maua! Mama wa maua!", mpaka dereva akakanyaga breki. Jirani yangu alikuwa amenibakizia paja la kuku wa Singida kwenye gazeti, naye hata jina lake sikulipata.

Kahama nililala gesti. Mhudumu alilipokea deli, akaliweka kwenye friji ya jikoni. Asubuhi maua yalikuwa salama na nyama yao, akasema, ilikuwa inanukia kama bibi harusi. Mpaka hapo nilijiona fundi kamili.

Kahama hadi Biharamulo, na mbele kidogo

Aliyekaa pembeni yangu safari hii alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge juu ya gauni, rozari shingoni, anatoka kumwangalia binti yake aliyejifungua. Jina lake Paskazia, na kwao mwanamke mzima huitwa Ma, kwa hiyo Ma Paskazia. Tulikuwa tumepita Lusahunga nilipofungua deli kukagua. Aliinua kichwa kutoka usingizini.

"Waitu," akashangaa kwa Kihaya, "mbona umebeba mti wangu?"

"Mti gani, mama?"

"Huo unaonuka. Upo kwetu Izigo, nyuma ya nyumba. Jioni ukinuka namna hiyo hata mbuzi wanapiga chafya."

Moyo uliniruka. Nilimtolea ua moja, akaligeuza, akazivuta zile petali ndefu na kuziachia. "Ndilo," akasema. "Sisi tunauita mti wa Mswahili. Hauzai cha kula, kuni zake hafifu, lakini baba mkwe alikataza usikatwe." Izigo! Nilimwuliza maswali kumi kwa pumzi moja, nani aliupanda, lini, uko mkubwa kiasi gani. Alicheka akanipa namba ya simu. "Mambo ya zamani anayajua mume wangu. Njoo umwulize mwenyewe."

Hapo ndipo basi lilipokohoa. Biharamulo tulikuwa tumeiacha nyuma, pande zote mbili msitu. Fundi akaingia chini ya basi, akatoka, akaingia tena, akapiga simu, akatuambia kifaa kinakuja. Kifaa kilikuja jua limeshapinduka. Tulikaa kwenye majani kando ya barabara, tukagawana mihogo ya kuchoma ya mtu mmoja na maji ya mwingine. Wengine walilala. Mimi nilikaa na deli mapajani, natikisa, nasikia barafu ikigeuka maji. Nilihama nalo kila kivuli kilipohama. Nikapepea kwa mtandio. Nikamwaga maji, nikalowesha kitambaa, nikapepea tena.

Ma Paskazia alikuwa akiniangalia muda wote huo, ameshika tama.

"Unateseka bure, mwanangu," akasema. "Kitu kibichi hakisafiri."

Nikaendelea kupepea. Natamani ningemwuliza maana yake.

Muleba

Jua linaelekea kuzama tuliingia stendi ya Muleba, na watu wakalivamia basi kwa sahani na mifuko. Njaa ilikuwa imenichanganya. Dada mmoja akaninyooshea kifungu cha vitu vidogo vya kukaanga, vya kahawia, vimekauka vizuri. Nikaona duvi, wale kamba wadogo wa kwetu. Watoto wa Tanga tuone duvi Muleba! Nilitia mdomoni kiganja kizima. Vilikuwa vitamu, vina mafuta, vinavunjika chini ya jino. Nikatia kiganja cha pili.

"Ziwani kwenu kumbe kuna kamba wazuri hivi," nikamwambia Ma Paskazia.

Alicheka mpaka rozari ikamrukaruka kifuani. "Kamba wa wapi? Hao wameruka wenyewe kutoka mbinguni. Ni senene, panzi wa kwetu."

Nilitazama vizuri. Miguu ilikuwa imenyofolewa lakini vichwa vilikuwepo, na macho. Kisha, kwa kuwa mniulizapo mambo sifichi, nikamalizia kifungu.

Ma Paskazia alishuka Izigo njiani, migomba imesimama mpaka ukingoni mwa barabara. Alinipungia mpaka basi likakata kona.

Miembeni

Hamza, mtoto wa Shangazi na baba wa Sabra, alinipokea stendi ya Bukoba na kunipeleka Miembeni. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, vyungu na vicheko, hina zinapakwa. Nilitaka kwanza niingie chumba cha peke yangu na deli langu. Nikafungua.

Yalikuwa meusi. Yote. Nilipitisha vidole mpaka chini nikitafuta hata moja, na yalikuwa yananikatikia mkononi, yananuka kama maji ya vyungu vya jana. Nilifunika. Nikakaa juu ya mfuniko.

"Zena?" Shangazi alikuwa ameshikwa mkono mpaka mlangoni. Ni mdogo kuliko nilivyomkumbuka alipowahi kuja Tanga, kanga imemmeza. "Mwanangu, umefika! Yako wapi? Yalete ninuse."

"Yamelala kwenye barafu, Shangazi. Tusiyasumbue mpaka Ijumaa."

"Hata moja?"

"Yakishapata joto yanaharibika."

Alikubali. Akanipapasa uso kwa vidole, akaniita kwa jina la baba yangu, kaka yake, na alikuwa na furaha kiasi kwamba nilitamani ardhi inimeze. Alipoondoka nilimpigia Ma Paskazia. Nilimweleza kwa haraka, sauti chini: maua yangu yameoza, harusi ni keshokutwa, mti wake umechanua?

"Umechanua mpaka matawi yameinama."

"Ma, naomba nije kesho. Ni ya bibi harusi."

"Njoo. Na usilie, mwanangu. Nitakuwa nimeshakutayarishia. Safari hii hayataharibika, hata ukiyapeleka Tanga na kuyarudisha."

Nilishika neno moja tu, kwamba hayataharibika. Nikalala kwa raha zangu.

Izigo

Alhamisi mvua ya Bukoba ilinichelewesha. Mvua hiyo haina habari na saa za watu, hunyesha mpaka itakapotosheka. Nilifika Izigo karibu na mchana nikiwa na Hamza, nimebeba deli safi, lina barafu mpya. Hamza akaniacha barabarani kwa sababu alikuwa na mbuzi wa kufuata, nami nikaingia kwa miguu ndani ya kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba pande zote. Chini kumetandazwa majani makavu, unatembea bila kusikia mguu wako. Juu migomba imekutana na kufunga anga.

Kabla ya nyumba niliuona mti. Jamani! Ya kwetu tunaikata vichwa iwe mifupi, tuchume tukiwa tumesimama. Huu haukukatwa na mtu. Ulikuwa umepita migomba, umepita paa la nyumba, matawi yameinama yote kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Nilisimama nikaushika kwa mikono miwili.

"Karibu, karibu!" Ma Paskazia alitoka akijifuta mikono, na nyuma yake mumewe, Ta Leopold, Ta ikiwa ndiyo Ma ya wanaume, mrefu, mwenye koti la suti juu ya raba za shamba. Walinikalisha. Kabla ya maji wala salamu kwisha Ma Paskazia akaniletea kifurushi kidogo cha jani la mgomba, ndani punje za kahawa za kutafuna. Kwao mgeni hapokelewi bila hizo. Kahawa huchumwa ingali mbichi, huchemshwa na majani ya kunukia, huanikwa, na ikishakauka inakaa miezi. Nilitafuna moja. Chungu, kisha tamu, kisha mdomo mzima unanukia.

"Haya," nikasema, sikuweza kungoja zaidi, "nioneshe maua."

"Tayari." Akaniongoza nyuma ya jiko, uso umemng'aa.

Juani, juu ya mkeka safi, walikuwa wameyatandaza. Ya manjano na mabichi pamoja, maelfu, yamesinyaa, yamekuwa ya rangi ya chai. Pembeni sufuria kubwa bado inatoa mvuke, na ndani yake majani ya kunukia.

"Tumeyachuma tangu alfajiri, mimi na shemeji zangu," akasema. "Nilikuona njiani unavyoteseka na barafu, nikasema huyu mtoto wa watu kumbe hajafundishwa. Nimeyachemsha vizuri, majani yaleyale ya kahawa. Jua likiwaka leo na kesho, yatakaa mpaka mwaka mwingine."

Wenzangu, nilikaa chini. Pale pale kwenye majani makavu nilikaa na nikalia kwa sauti. Nilichukua ua moja nikanusa: lilinuka mchuzi wa majani. Ma Paskazia alikuwa anauliza kuna nini, chumvi? Majani yamezidi? Nikamweleza. Kwamba kwetu ua la bibi harusi linavaliwa bichi, kifuani, ananukia nalo siku hiyohiyo na keshoye linatupwa. Kwamba kuna mwanamke kipofu Bukoba anayengoja kunusa. Alishika kichwa.

"Yesu na Maria. Nimekupikia harusi yako."

Akaanza kulia na yeye. Tukawa wawili kwenye majani.

Ta Leopold alituacha tulie kiasi, kisha akauliza, "Huyo mama wa Bukoba ni nani?"

"Shangazi yangu. Mwanaidi. Zamani sana walikaa hukuhuku Izigo, mumewe alikuwa na duka."

Alivua kofia. Akasema baba yake alinunua kibanja hiki kwa Mswahili mwenye duka aliyekuwa anahamia mjini. Siku ya kukabidhiana, watu wameshakunywa, mipaka imeshaoneshwa, mke wa yule mwenye duka akamwita baba yake pembeni na kumwonesha mche karibu na ghala. Hakuomba kitu kingine. Aliomba huo usikatwe.

"Baba akampa neno lake mbele ya mashahidi," Ta Leopold akasema. "Tulipong'oa mibuni yote tukapanda mipya, huu tuliuzunguka. Watu walitucheka, mti hauna faida. Baba alisema una mwenyewe, iko siku atakuja."

Mwili ulinisisimka kuanzia visigino. Nilisimama, machozi bado yapo lakini nimeshayasahau, nikaanza kuuzunguka mti ule nikitazama juu. Walikuwa wamechuma kwa fito za kuegemezea migomba, kwa hiyo waliishia pale mkono na ufito vilipofika. Kule juu kabisa, juu ya paa la ghala, kulikuwa na manjano.

"Yale!" nikapiga kelele. "Yale yako salama!"

"Yale ni ya ndege," akasema Ma Paskazia.

"Kesho alfajiri ni yangu."

Ilibidi iwe alfajiri, maana langilangi likichumwa mchana linakuwa limeshamaliza harufu yake. Nikampigia Hamza asinisubiri. Usiku ule walinilisha ndizi na maharage na samaki mpaka nikashindwa kuinama, na jioni, tulipokuwa tumekaa nje, harufu ikateremka kutoka juu ya mti ikatujaa.

Juu ya ghala

Sasa nani apande? Mti wa mlangilangi hauaminiki, tawi lake linakatika bila taarifa, kwa hiyo ilikuwa ni paani au basi. Ta Leopold ana goti bovu. Ma Paskazia alisema yeye hajapanda kitu tangu asimikwe Mama wa Kanisa. Wakanitazama. Mnanijua umbo langu. Nikasema leteni suruali.

Basi asubuhi ya Ijumaa, ukungu umeshika migomba, mwenzenu nilikuwa juu ya bati la ghala la Izigo nimevaa suruali ya Ta Leopold chini ya dera, nimeikunja mara tatu. Mkononi nilikuwa na ndoano yao ya kuvutia matawi ya kahawa, imefungwa kwa kamba ya mgomba kwenye ufito mrefu. Bati lilikuwa limelowa. Kila nilipopiga hatua lilitoa mlio, na kila mlio Ma Paskazia chini alianza Salamu Maria mpya bila kumaliza ya kwanza. Alikuwa ametandika shuka zake zote za kitanda chini ya mti.

"Polepole, mwanangu! Acha hilo!"

"Siachi!"

Nilivuta tawi la kwanza. Likaja, likaja, na maua yakanifika usoni, ya manjano, makubwa kuliko ya kwetu, yana umande, na kwenye kitako kila moja lina doa lake jekundu. Nilipiga vigelegele. Juu ya bati, peke yangu, vigelegele vya harusi, na majirani wakaanza kutoka kwenye vibanja vyao kuuliza nani anaolewa. Tawi la pili lilikatika, nikakaa kwa matako nikateleza mpaka ukingoni, miguu ikaning'inia. Ta Leopold alinishika visigino viwili. Sikuangusha hata ua moja. Nilicheka, nikarudi juu, nikachuma mpaka mtandio ukajaa.

Nilipolikimbilia deli, Ma Paskazia aliweka mkono juu ya mfuniko kwa aibu. "Unaruhusu nikushauri tena?"

"Bila sufuria?"

"Bila sufuria."

Akakata shina la mgomba, akabandua ganda lake zito lililojaa maji na ubaridi, akayalaza maua ndani na kulifunga. Tukapanda mbele ya pikapu ya jirani iliyokuwa inapeleka ndizi mjini, sisi watatu na dereva, kifurushi mapajani mwangu. Nilikuwa nimesema hawa wawili hawabaki. Ta Leopold alikuwa amevaa suti nzima, na suruali ilikuwa ileile niliyopandia. Njiani niliinusa ile bahasha ya mgomba kila kona, na kila kona ilinijibu.

Kikuba

Nilifunga vikuba mikono inakimbia. Asumini ya Bukoba nilikuta imeshachumwa, majani ya mrehani yapo, na katikati nikapanga langilangi. Wanaume walikuwa wamekwenda msikitini. Chumba kilijaa wanawake, na nilipombandika Sabra kikuba kifuani, kelele zilipungua zenyewe kwa ile harufu.

Shangazi hakuwa anajua lolote. Hakuna aliyemwambia kuhusu maua meusi wala Izigo. Nilikuwa nimeamua anuse tu na aamini ni Tanga. Sabra akapiga magoti mbele yake. Shangazi akamshika mabega, akainamisha uso kwenye kile kikuba, akavuta pumzi.

Akavuta tena. Akabaki hapo muda mrefu, watu wakaanza kutazamana.

"Zena," akasema, bila kuinua uso.

"Abee, Shangazi."

"Haya hayakutoka Tanga."

"Yamekaa kwenye barafu tu, Shangazi," nikasema.

"Usinidanganye. Usichana wangu wote nimechuma langilangi la Tanga. Haya ni mazito, na yanaanza kunukia sasa hivi, hayajasafiri. Yamechumwa leo." Akainua uso, akaugeuza upande wangu. "Umeyatoa wapi?"

"Izigo," nikasema. "Karibu na ghala."

Sitasahau uso ule. Ulifunguka polepole, kuanzia mdomoni. Alirudia "ghala" kwa sauti ya mtoto, kisha akauliza, "Mche ulitoa maua?"

"Umepita paa, Shangazi. Nilipanda juu ya bati ndipo nikayafikia."

Ma Paskazia akapenya katikati ya wanawake, akapiga magoti wanavyoamkia wakubwa kwao, akamshika mikono. Alimsemesha Kihaya, na Shangazi akajibu Kihaya, haraka, wote wawili wanalia na kucheka, na mimi niliyekuja kumletea nyumbani nikawa ndiye mgeni pekee chumbani asiyeelewa neno. Sabra alinitafsiria moja: "Anasema mti ni wako, sisi tulikutunzia."

Kisha Ma Paskazia, kwa kuwa hakuja mikono mitupu, akatoa kwenye mkoba kifurushi cha jani la mgomba. Nilikijua. Nikamkonyeza asithubutu. Akakikabidhi vilevile. Shangazi alikipokea kwa mikono miwili, mgeni wa heshima apokeavyo kahawa, akalitia mdomoni langilangi la kuchemshwa, akatafuna mpaka likaisha.

"Baya," akasema, anajifuta machozi. "Nipe jingine."

Asubuhi niliyoondoka alinisindikiza mpaka mlangoni, ameshika nguzo. Kikuba cha jana, kimeshanyauka, kilikuwa bado kimebanwa kwenye kanga yake. "Ukifika Tanga," akasema, "waambie mche ulishika."

Bibi ameshatangulia, na wote waliosimama pale siku ile wakasikia akisema hautashika wameshatangulia. Nimezunguka siku nzima nikiwaza nimwambie nani, na nikaona ni nyinyi. Basi nimewafikishia. Ulishika.